Pesa ya Stika ya Gari Inaenda Wapi? Mwongozo wa Kusoma Bajeti ya Barabara na DMV ya California

Kila ilani za DMV, idara ya magari ya California, za kuhuisha usajili na stika ya gari zinapoanza kuingia kwenye masanduku ya barua, simu yangu haitulii. Maswali ni yale yale. "Nimelipa mamia ya dola, mbona barabara ya mtaani kwangu ina mashimo?" "Jimbo lina mabilioni, kwa nini DMV waseme hawana watu wa kutosha dirishani?" "Pikapu yangu inatozwa ada ya uzito, hiyo pesa inafanya nini?" Wanaouliza ni madereva wa malori, wahudumu wa wazee wanaovuka kaunti mbili kwenda kazini, na kina mama wa City Heights, San Diego, waliotoka Kongo wakapita kambini na sasa wanajifunza kuendesha gari kwa mara ya kwanza. Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka. Sasa nayaweka yote hapa.

Ukifuata mwongozo huu utaweza kufungua bajeti ya California mwenyewe, ukafuata dola yako kutoka mfukoni mwako hadi inapotumika, na ukajua ni mlango gani wa kubisha pale ambapo hukuridhika. Wanaoishi majimbo mengine wataona majina tofauti, ila njia ya kusoma inafanana.

Jambo moja la kuelewa kabla ya yote

Serikali ya jimbo haina chungu kimoja cha pesa. Ina mifuko mingi, na kila mfuko una masharti yake. Tangu 1938 Katiba ya California, katika kifungu ambacho leo ni cha XIX, imefunga kodi ya mafuta kwa kazi za barabara, na baadaye pia njia za usafiri wa umma. Ada nyingi za magari nazo zimefungwa kwa kazi ya kusimamia sheria za magari na kupunguza madhara ya magari kwa mazingira, au kwa kazi hizo hizo za barabara. Kwa hiyo ukisikia "jimbo lina ziada", usikimbilie kudhani DMV wanayo. Uliza kwanza: mfuko gani? Swali hilo nitalirudia mpaka ulichoke, maana karibu kila ubishi ninaousikia kuhusu bajeti hii unatokana na kulisahau.

Utakachohitaji

- Ilani yako ya usajili, hata ya mwaka jana. Kama imepotea, tovuti ya DMV ina kikokotoo cha ada. Ingiza taarifa za gari lako kikupe mchanganuo.
- Kompyuta, ukiweza. Simu inatosha kwa kusoma maelezo, lakini majedwali ni mapana na kwenye simu utasoma safu isiyo yake.
- Tovuti tatu: ebudget.ca.gov yenye bajeti yenyewe, lao.ca.gov ya Legislative Analyst's Office, ofisi ya wachambuzi wanaolishauri Bunge bila kuegemea chama, na catc.ca.gov ya California Transportation Commission, tume inayogawa pesa za miradi ya barabara.
- Jina la barabara inayokukera na makutano yaliyo karibu.
- Majina ya seneta wako wa jimbo na mjumbe wako wa Assembly, yaani nyumba ya chini ya Bunge la jimbo. Angalia vizuri wasiwe wale wa Washington.
- Daftari, na jioni moja isiyo na haraka.

Huhitaji kuwa raia wala mpiga kura. Kikao cha kamati ya Bunge la jimbo kinapofungua nafasi ya maoni, mtu yeyote anaruhusiwa kusimama na kusema.

Hatua ya 1: Chambua ilani yako, ada moja baada ya nyingine

Acha jumla iliyo chini. Soma mistari.

*Ada ya usajili na ada ya CHP.* Hizi zinaingia kwenye mfuko uitwao Motor Vehicle Account. Mfuko huu unalisha DMV, polisi wa barabara kuu, yaani California Highway Patrol, na sehemu ya kazi za wasimamizi wa hewa safi. Ada za leseni ya udereva nazo zinaingia humo. Pesa hii haimwagi lami hata hatua moja.

*Vehicle License Fee.* Hii ni asilimia 0.65 ya thamani ya gari kama DMV wanavyoihesabu, na inashuka gari linapozeeka. Inakwenda kwenye miji na kaunti kwa ajili ya huduma kama afya na ustawi wa jamii. Haina sharti la barabara.

*Transportation Improvement Fee.* Hii ndiyo ada ya barabara hasa. Ililetwa na sheria ya SB 1 iliyosainiwa Aprili 2017, na ilianza Januari 2018 kwa viwango vya dola 25 kwa gari lenye thamani ya chini ya dola 5,000, hadi dola 175 kwa gari la dola 60,000 na kuendelea. Tangu 2020 viwango vinapanda na mfumuko wa bei. Sehemu yake inatengeneza barabara, sehemu inasaidia mabasi na treni, na sehemu inakwenda kwenye njia zenye msongamano mkubwa.

*Ada ya gari la umeme.* Kwa magari yasiyotoa moshi ya toleo la 2020 na baadaye, kuna ada ya barabara iliyoanza kwa dola 100 mwezi Julai 2020. Mwenye gari la umeme hanunui petroli, kwa hiyo halipi kodi ya mafuta. Hii ni fidia yake.

*Ada ya uzito.* Malori na pikapu. Ndugu zangu madereva, hapa wengi hushangaa. Kwa miaka mingi sasa ada hii imekuwa ikitumika kulipa madeni ya dhamana (bonds) za uchukuzi ambazo wapiga kura waliidhinisha, ikiwemo Proposition 1B ya 2006 iliyokuwa ya karibu dola bilioni 20. Unalipia barabara zilizokwisha kujengwa.

*Ada za kaunti.* Ndogo ndogo, zinatofautiana. Zipite.

Sasa fanya hesabu hii kwenye daftari. Chukua gari lenye thamani ya dola 20,000. Vehicle License Fee ni dola 130. Ada ya barabara ya SB 1, kwa kiwango chake cha mwanzo, ni dola 50. Mtu analipa, anaona jumla, anasema "nimelipia barabara." Kumbe fungu nene zaidi kwenye karatasi ile halihusiani na barabara hata kidogo.

Mchango wako mkubwa wa barabara hauko kwenye ilani. Uko kwenye pampu. Julai 1, 2025 kodi ya jimbo kwa galoni ya petroli ilipanda hadi senti 61.2, juu yake kuna ya serikali kuu, senti 18.4, ambayo haijaguswa tangu 1993. Kwa viwango hivyo, ukijaza galoni 15 umeliachia jimbo dola 9 na senti 18, na Washington dola 2 na senti 76. Watanzania watakumbuka kwamba 2017 kule nyumbani ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na tozo ikahamishiwa kwenye mafuta. California imebaki na vyote viwili.

Na usidhani ada hizi ni jambo dogo kisiasa. Mwaka 2003 Vehicle License Fee ilipanda kutoka asilimia 0.65 hadi 2, wananchi wakawaka, na hasira hiyo ilikuwa sehemu ya moto uliomwondoa Gavana Gray Davis kwa kura ya kumrudisha nyumbani. Siku ileile Arnold Schwarzenegger alipoapishwa kuwa gavana mpya, Novemba 17, 2003, aliirudisha ilipokuwa.

Hatua ya 2: Jua barabara ni ya nani

Usifungue bajeti ya jimbo kabla ya hatua hii. Barabara ni ya jimbo, ya kaunti au ya mji. Caltrans, idara ya uchukuzi ya jimbo, inashughulika na barabara kuu peke yake: Interstate, zile zenye namba za U.S., na zile zenye namba za jimbo. State Route 15 inayokata City Heights ni kazi ya Caltrans. University Avenue, unayoifikia ukishuka tu kwenye hiyo barabara kuu, ni ya mji wa San Diego. Shimo likiwa University, kumwandikia Caltrans ni kupoteza stempu.

Pesa za jimbo zinafika mtaani hata hivyo, maana takriban nusu ya fedha za SB 1 zinakwenda kwa miji na kaunti. Tutarudi hapo kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 3: Fungua ukurasa wa idara sahihi

Ndani ya ebudget chagua mwaka wa fedha. Mwaka wa fedha wa California unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kisha tafuta sekta ya uchukuzi. Kila idara ina namba ya tarakimu nne, kama mafungu ya bajeti tuliyoyazoea nyumbani. Andika hizi mbele ya daftari:

2600 ni California Transportation Commission.
2660 ni Caltrans.
2720 ni California Highway Patrol.
2740 ni DMV.

Anza na 2740. Ni idara moja yenye kazi inayoeleweka, na hati yake si ndefu. Caltrans iache kwa siku nyingine. Ina programu nyingi na vyanzo vya pesa vingi mno kwa mtu anayejifunza.

Hatua ya 4: Soma jedwali la miaka mitatu

Utaona safu tatu. Ya kwanza ni mwaka uliopita, yaani pesa iliyotumika kweli. Ya pili ni mwaka huu, makadirio. Ya tatu ni mwaka ujao, ombi la gavana. Upande wa juu kazi zimegawanywa kwa programu, kwa mfano usajili wa magari na leseni za madereva, pamoja na idadi ya nafasi za kazi. Upande wa chini pesa ileile imegawanywa upya kwa mifuko. Jumla mbili lazima zilingane. Zisipolingana, umesoma safu mbili tofauti. Weka rula kwenye kioo.

Onyo: namba zote za pesa ziko katika maelfu ya dola. Maelezo yake yameandikwa kwa herufi ndogo na ni rahisi kuyaruka. Niliwahi kusimama mbele ya watu zaidi ya thelathini ukumbini nikasema bajeti ya idara ni "milioni moja na ushee". Ilikuwa bilioni. Mzee mmoja aliondoka akiamini idara nzima inaendeshwa kwa pesa ya kununulia nyumba mbili, na ilinichukua wiki kumpata nimsahihishe. Ongeza sifuri tatu kila mara, kisha uzitaje kwa sauti kabla hujamwambia mtu.

Onyo la pili ni kwamba safu ya tatu ni ombi, bado haijawa sheria. Namba za Januari huwa zinabadilika.

Hatua ya 5: Fungua namba ya kifungu

Kwenye muswada wa bajeti utakutana na kitu kama hiki: 2740-001-0044. Wengi wakiona hivyo hufunga kompyuta. Ikate vipande vitatu.

2740 inasema nani: DMV. 001 inasema kwa kazi gani: uendeshaji wa idara, yaani mishahara, pango, mitambo. Ingekuwa 101 ingekuwa msaada kwa serikali za mitaa. 301 ingekuwa ujenzi. 0044 inasema kutoka mfuko gani: Motor Vehicle Account.

Nani, kwa ajili gani, kutoka wapi. Ukishalizoea hilo, unaweza kufungua ukurasa wowote wa bajeti ya California na ukaelewa mstari mmoja mmoja. Mifuko utakayokutana nayo zaidi ni 0001, General Fund, mfuko mkuu unaotokana na kodi ya mapato na ya mauzo, 0042, State Highway Account, 0044 tuliyoiona, 0046, Public Transportation Account ya mabasi na treni, 0890, pesa za serikali kuu, na 3290, mfuko wa ukarabati wa barabara ulioundwa na SB 1.

Fanya jaribio dogo. Nani atalipwa na 2660-301-0042, na kwa kazi gani? Ukijibu "Caltrans, ujenzi, kutoka mfuko wa barabara kuu", umeivuka hatua ngumu kuliko zote.

Hatua ya 6: Pima afya ya mfuko

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mfuko linaitwa Fund Condition Statement, na limechapishwa pamoja na kurasa za idara. Tafuta ndani ya hati namba 0044. Lisome kutoka juu kwenda chini: bakaa ya kuanzia, mapato, uhamisho kwenda na kutoka mifuko mingine, matumizi, bakaa ya kufungia. Ni kama daftari la duka.

Linganisha mistari miwili tu, mapato na matumizi, kwa miaka yote mitatu. Kama matumizi yanazidi mapato kila mwaka, mfuko unakula akiba yake. Bakaa ya mwisho inaweza bado kuonekana nono, lakini inaelekea chini.

Nimechagua Motor Vehicle Account kwa makusudi, kwa sababu tatizo hilo limeuandama kwa miaka. Ofisi ya wachambuzi wa Bunge imeonya mara nyingi kwamba matumizi yake yanakua haraka kuliko mapato. Mishahara na pensheni za polisi wa barabara kuu zinapanda, ofisi zilizochakaa zinahitaji kujengwa upya, na kazi mpya zinaongezwa. Mwaka 2016 Bunge lilipandisha ada ya usajili kwa dola 10 kuanzia Aprili 2017, na kuifunga na mfumuko wa bei ili isibaki nyuma tena. Haikutosha kumaliza mvutano.

Angalia pia kilichotokea kwa REAL ID, kile kitambulisho chenye dubu mwenye nyota. California ilianza kukitoa Januari 2018. Kila mwombaji ilimbidi afike ofisini na nyaraka zake, na kiangazi cha mwaka huo foleni zikawa ndefu hadi Bunge likaitisha vikao, pesa za ziada zikatolewa kuajiri watu, na ukaguzi ukafanyika. Wengi wenu mlikuwa kwenye foleni zile. Ukisoma bajeti za miaka iliyofuata utaiona kazi hiyo kama maombi ya pesa na nafasi za muda maalumu. Hapo pana mtego: pesa ya muda maalumu ikiisha, nafasi zinaondoka, na jedwali linaonyesha idara "imepunguziwa bajeti" ingawa hakuna aliyepiga panga. Kabla hujalalamika kuhusu punguzo, tafuta kama pesa ile ilikuwa na tarehe ya mwisho tangu mwanzo.

Kila ombi jipya la idara lina hati yake, iitwayo Budget Change Proposal, kwenye tovuti ya Department of Finance. Inaeleza tatizo, nafasi ngapi zinaombwa, mfuko gani utalipa, na nini kitatokea pesa isipotolewa. Soma angalau moja ya DMV mwanzo hadi mwisho. Hakuna kitu kinachofundisha bajeti haraka kama kuona idara inavyojieleza kwa maneno yake yenyewe.

Hatua ya 7: Tafuta mradi wa barabara yako

Bajeti haitaji shimo lako. Inataja mfuko, mradi uko kwenye orodha nyingine.

Kama barabara ni ya jimbo na unataka ukarabati, orodha yake inaitwa SHOPP. Ni ya miaka minne, na inapitishwa upya kila mwaka wa namba shufwa. Kama ni kupanua au kujenga kipya, orodha ni STIP, ya miaka mitano. Huko asilimia 75 ya fedha inapangwa na mashirika ya mikoa, kama SANDAG kwa San Diego, na 25 inapangwa na Caltrans. Zote mbili zinapitia tume ile ya 2600. Miradi imepangwa kwa kaunti, namba ya barabara, na alama ya maili. Alama hizo ni vibao vyembamba vyeupe kando ya barabara. Abiria wako akusomee, wewe endesha.

Kama barabara ni ya mji au kaunti, kuna kitu kizuri SB 1 ilileta: kila mji na kaunti lazima kila mwaka iwasilishe kwa tume orodha ya miradi kabla ya kupata mgao wake, na orodha hiyo inapitishwa kwenye kikao cha wazi cha baraza. Omba orodha hiyo kwa karani wa mji. Barabara yako isipokuwemo, unajua kwa nini hakuna greda. Baadhi ya kaunti pia zina kodi yao ya mauzo kwa ajili ya barabara na usafiri. San Diego ina TransNet ya nusu senti kwa dola, iliyopitishwa 1987 na kuongezwa muda 2004 hadi 2048.

Hatua ya 8: Sema wakati ambapo kusema kunafaa

Kosa linalouma kuliko yote ni kuandika barua nzuri mwezi Julai. Bajeti imekwisha kusainiwa.

Kiangazi na vuli idara zinaandaa maombi, huko huna nafasi kubwa. Kufikia Januari 10 gavana anatoa bajeti yake. Kuanzia hapo wachambuzi wa Bunge wanachapisha tathmini zao. Zisome, zimeandikwa kwa lugha rahisi kuliko bajeti yenyewe. Kati ya Machi na Mei kamati ndogo za bajeti za Seneti na Assembly zinasikiliza idara moja moja. Huo ndio mlango wako. Kufikia Mei 14 gavana anarekebisha namba kulingana na mapato mapya. Juni 15 usiku wa manane ni mwisho wa Bunge kupitisha bajeti. Tangu Proposition 25 ya 2010 kura ya wengi wa kawaida inatosha, na wakichelewa wanakosa posho na mishahara yao. Muswada lazima uwe umechapishwa saa 72 kabla ya kura. Gavana anaweza kupunguza au kufuta kifungu, kuongeza hawezi.

Fuatilia pia miswada inayofuata nyuma ya bajeti, ile wanayoiita trailer bills. Bajeti inataja kiasi cha pesa, lakini mabadiliko ya sheria, kwa mfano kupandisha ada, mara nyingi yamo humo. Mtu anaweza kusoma bajeti yote asione ada iliyopanda.

Hatua ya 9: Andika swali lenye namba

Malalamiko ya jumla yanapata jibu la jumla. Andika hivi, kisha mwenye Kiingereza kizuri akusaidie kulitafsiri bila kulipunguza:

"Mheshimiwa, naishi kwenye wilaya yako. Kwenye kifungu 2740-001-0044 naona pesa ya DMV inayopendekezwa mwaka ujao imeshuka ikilinganishwa na mwaka huu. Je, ni pesa ya muda maalumu iliyoisha, au ni punguzo la huduma madirishani? Na ofisi ya mtaani kwetu itaathirikaje?"

Sentensi chache. Ofisa wa bajeti akiona namba ya kifungu anajua aliyeandika amesoma, na hawezi kumtumia barua ya kunakili.

Ukikwama

*Namba za gazetini hazilingani na zangu.* Angalia tatu: ni toleo gani, la Januari, Mei au lililosainiwa, ni pesa za jimbo tu au pamoja na za serikali kuu, na kama umeongeza zile sifuri tatu.

*Nimeambiwa jimbo lina ziada, DMV wanaambiwa wabane matumizi.* Ziada iko 0001, DMV wanakula 0044. Bunge linaweza kuamua kuusaidia mfuko kutoka General Fund, lakini hapo wanashindana na shule na afya. Uliza kama wamefikiria hilo, usiulize pesa imefichwa wapi.

*Mradi uko kwenye orodha lakini hakuna kinachofanyika.* Kuidhinishwa, kugawiwa na kutumika ni mambo matatu tofauti. Bunge huidhinisha, tume hugawa mradi kwa mradi, kisha kuna usanifu, tathmini ya mazingira, ardhi, zabuni. Uliza mradi uko hatua gani, na tume itapiga kura ya mgao lini.

*Nimeona 0995 na siielewi.* Ni marejesho: idara moja imelipwa na nyingine kwa kazi iliyoifanyia. Usiijumlishe kama mapato mapya.

*Sina namna ya kupata hati.* Andika ombi chini ya California Public Records Act. Taja hati, mwaka, na idara. Ofisi inatakiwa ndani ya siku 10 ikuambie kama hati ipo na kama itakupa, ingawa kukupa kwenyewe kunaweza kuchukua muda zaidi. Huulizwi uraia wako wala sababu.

*Ofisi ya mjumbe haijibu.* Piga simu ofisi ya wilaya, ya Sacramento iache kwanza. Omba kuongea na anayeshughulikia kesi za wananchi, andika jina lake na tarehe, na umwambie utapiga tena Alhamisi. Kisha Alhamisi upige.